Uzi: Mashine ya feda za kumiksi kwenye kompyuta – ninunue ipi, au niachane nayo?

#1 KwayaMoro
Wakuu salaam. Narekodi kwaya hapa Morogoro, studio ni chumba kimoja nyumbani. Natumia Reaper (programu ya kurekodi na kumiksi) na intafesi ya chaneli nane (kifaa cha kuingiza sauti za maikrofoni kwenye kompyuta). Kazi zangu nyingi ni kwaya za sauti nne, juu yake kinanda, solo, ridhimu, besi na ngoma, kwa hiyo traki zinakuwa nyingi.

Kipanya kimenichosha. Nikitaka kupandisha sauti ya kwanza huku nikishusha sauti ya nne kwa wakati mmoja, siwezi. Nimeona mashine zenye feda (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zinazojisogeza zenyewe, na muuzaji mmoja ananiambia nikichukua ya feda nane muziki wangu utatoka na "sauti ya studio kubwa". Je, ni kweli? Na zile ndogo za bei nafuu ambazo feda zake hazijisogezi, zinafaa kwa kazi yangu? Naomba majibu ya waliowahi kuzishika, si ya kusikia.

#2 KipanyaTosha
Mkuu, hiyo hela weka kwenye spika nzuri na magodoro ya kuzuia mwangwi ukutani. Watu wanatoa nyimbo zinazopigwa redioni kila siku kwa kipanya na kibodi. Feda za kujisogeza ni za kupiga picha na kuweka Instagram.

#3 FundiFeda
KwayaMoro, huyo muuzaji ama anakudanganya ama hajui anachouza. Ndani ya mashine hizi hakuna sauti inayopita. Geuza nyuma uangalie: tundu la umeme, la USB, pengine la MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta vinaongea) na la pedali. Pa kuchomeka maikrofoni hapapo. (Zipo chache zilizojengwa pamoja na intafesi, hizo ni habari nyingine.) Inachopeleka kwenye kompyuta ni taarifa tu: feda ya tatu imefika hapa, kitufe cha kurekodi kimebonyezwa. Hesabu za sauti zinafanywa na Reaper ileile. Traki ukiiweka desibeli -6 kwa kipanya au kwa feda ya mota, faili linalotoka ni moja.

Kwa hiyo KipanyaTosha yuko sahihi kwenye suala la sauti. Kama chumba chako kinapiga mwangwi, anza na chumba. Ila kwenye kazi ya mkono simkubalii, na ninaona dada MwanzaMix yupo mtandaoni, namwachia hilo.

Sasa kuhusu zenye mota na zisizo na mota. Tofauti kubwa ni kwamba yenye mota inaongea na kusikia. Ukisogeza traki kwa kipanya, feda ya mezani inasogea. Ukifungua mradi mwingine, feda zote zinakimbia kwenda mahali pake. Isiyo na mota, mfano Korg nanoKONTROL2 yenye feda nane na nobu nane za kuzungusha, inaongea tu. Wewe umeiacha feda chini, mradi uliofungua una traki iko juu, ukiigusa kidogo sauti inaporomoka ghafla. Halafu nyingi za aina hiyo, zikitumika kama kontrola ya kawaida ya MIDI, zinatuma thamani 0 hadi 127, yaani hatua 128 kutoka kimya hadi juu kabisa. MIDI ni ya mwaka 1983 na wakati huo hatua hizo zilitosha kwa kinanda. Kwa feda ya kumiksi unaweza kusikia ngazi ukisogeza polepole.

Mashine za mota nyingi zinatumia lugha inayoitwa Mackie Control. Kampuni ya Mackie waliitengeneza wakishirikiana na Emagic, wenye programu ya Logic wa wakati ule, kabla Apple haijawanunua mwaka 2002. Wengine wakaiiga, ndiyo maana leo Behringer X-Touch au PreSonus FaderPort inaongea na programu za Reaper, Cubase, Logic, Studio One na FL Studio bila shida kubwa. Pro Tools ni kichwa ngumu, yenyewe inataka HUI, lugha ya zamani zaidi ambayo Mackie walifanya na Digidesign, wenye Pro Tools wa wakati ule, au lugha nyingine iitwayo EUCON. Ukinunua mtumba hakikisha ina lugha inayoeleweka na programu yako. Kwenye X-Touch, kwa mfano, unashikilia kitufe cha Select cha chaneli ya kwanza wakati unawasha, ndipo unachagua lugha na njia ya kuunganisha.

Kwenye Reaper: fungua Preferences, nenda Control/OSC/web, bonyeza Add, chagua Mackie Control Universal. Hapo kuna sehemu mbili, MIDI input na MIDI output. Watu wanajaza ya kwanza wanasahau ya pili, halafu wanalalamika feda hazijisogezi. Zitajisogezaje wakati kompyuta haijaambiwa njia ya kurudishia majibu? Jaza zote mbili. Na washa mashine kabla ya kufungua Reaper.

#4 Biti254
Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko FL Studio na hiyo hiyo nanoKONTROL2. Hiyo shida ya sauti kuruka iko, lakini kwa MIDI settings kuna mahali pa kuweka Pickup. Ukiiwasha, feda haifanyi kitu mpaka ipite pale thamani ilipo, ndiyo ianze kushika. Kwa biti mi naona inatosha. Nobu naunganisha na filta, bonyeza kulia, Link to controller, unazungusha nobu moja, imeisha. Sijawahi kuhitaji mota.

#5 FundiFeda
Biti254 kweli kabisa, na Ableton Live ina kitu hicho hicho. Kwa anayecheza na filta na athari wakati wa kutengeneza biti, mota ni anasa. KwayaMoro yeye anataka kumiksi waimbaji, na Pickup kwa feda nane ina usumbufu: kila ukibadili mradi unaanza kuzitafuta traki moja moja kwa kupapasa.

#6 MwanzaMix
Nimeitwa, nimekuja 😀

KipanyaTosha, mimi nakubali kwamba kwa kuweka viwango vya mwanzo kipanya kinatosha. Hata kwa kukata na kupanga, kipanya ni bora, na anayekata vipande kwa feda anajitesa. Mashine hii inalipa kwenye jambo moja, nalo ni kufuata sauti ya mwimbaji kwa mkono mwanzo hadi mwisho wa wimbo.

Chukua mwimbaji wa kwaya anayeongoza. Ubeti wa kwanza anaanza kwa unyenyekevu, maneno ya mwisho ya kila mstari yanazama. Kiitikio kikija anasogea karibu na maikrofoni na kupaza. Wengi wetu tunabandika kompresa kali (inayobana sauti ikipanda sana) ili isawazishe kila kitu, matokeo yake pumzi zinakuwa kubwa kuliko maneno na mwimbaji anasikika amebanwa. Badala yake, weka automesheni ya traki (kuandika misogezo ya feda) kwenye hali ya Touch, cheza wimbo, fumba macho au zima skrini, shika feda. Neno linapozama unalisukuma kidogo, anapopaza unarudi. Ni sogezo la desibeli moja, mbili, mara chache tatu. Programu inaandika kila ulichofanya. Ukikosea mstari mmoja, rudia hapo tu: Touch inaandika ukiwa umegusa, ukiachia inarudi kwenye kilichokuwepo. Latch yenyewe inabaki pale ulipoachia hadi usimamishe, kwa hiyo ni hatari ukiwa unarekebisha neno moja katikati ya wimbo. Write nisingemshauri mgeni hata aiguse, inafuta kila inapopita.

Ukichora mistari hiyo kwa kipanya inawezekana, ila utachora unachokiona kwenye mawimbi. Mawimbi hayakuonyeshi kama neno limesikika. "S" inaonekana ndogo inachoma masikio, na "u" inaonekana kubwa wakati imefunikwa na besi.

Jambo lingine ambalo watu wanachanganya. Kwa kawaida feda ya traki inafanya kazi baada ya plagini (vile vifaa vya ndani ya programu, kama kompresa). Ukimfuata mwimbaji kwa feda ya kawaida, kompresa imeshapokea sauti isiyosawazishwa na imeshafanya fujo zake. Mimi naweka plagini ya sauti tupu, isiyofanya kitu zaidi ya kupandisha na kushusha, kabla ya kompresa, na namfuata kwa hiyo. Mashine nyingi za Mackie Control zina kitufe cha Flip: kinahamisha kilichokuwa kwenye nobu kije kwenye feda. Kwa hiyo unachagua ile plagini, unabonyeza Flip, feda ndefu inaishika. Flip hiyo hiyo inafaa kwa mwangwi: mwisho wa mstari unasukuma mwangwi ukue, mstari mpya ukianza unauvuta.

Kwa kazi hii unahitaji feda ngapi? Moja. Mkono wako wa pili una kazi ya kubonyeza cheza na simamisha. KwayaMoro, kabla hujanunua ya nane, fikiria ya feda moja ya mota, kama FaderPort ndogo au X-Touch One.

#7 Ngoma_Pwani
Assalaam alaykum jamani. Nimefurahi kuuona uzi huu maana nina kisa. Mimi niko Unguja, narekodi taarab, kanuni, fidla, udi, dumbak. Nimenunua mashine ya feda nane ya mota, mtumba, nimeiunganisha na Cubase kama Mackie Control, feda zinakwenda vizuri. Sasa nikiweka traki ya kinanda cha ndani ya kompyuta tayari kwa kurekodi, kila nikigusa feda kinanda kinalia noti moja nyembamba juu kabisa. Nimebadilisha waya wa USB, wapi. Nilidhani ni jini.

#8 FundiFeda
Waalaykum salaam. Ngoma_Pwani, nijibu mawili. Ukishikilia noti kwenye kibodi yako huku ukisogeza feda ya kwanza, noti inapinda? Na ukibonyeza cheza kwenye mashine, kinanda kinalia pia?

#9 Ngoma_Pwani
Subhanallah, inapinda kama nai! Na nikibonyeza cheza kinalia noti nyingine. Umejuaje?

#10 FundiFeda
Jini lako lina jina. Mackie Control haikubuni ujumbe mpya, ilikodi ujumbe wa kawaida wa MIDI na kuupa maana nyingine. Feda zinatuma ujumbe uleule wa gurudumu la kupinda noti kwenye kinanda, kila feda na chaneli yake ya MIDI. Walichagua huo kwa sababu una nafasi ya hatua nyingi kuliko zile 128. Mackie Control yenyewe inatumia 1024 kwa kila feda. Vitufe vinatuma noti. Cheza ni noti namba 94, simamisha ni 93, rekodi ni 95. Kugusa feda ya kwanza ni noti namba 104, ndiyo hiyo nyembamba unayoisikia. Cubase kwenye upande wa Mackie Control inaelewa vizuri, lakini traki yako ya kinanda imewekwa isikilize milango yote ya MIDI, kwa hiyo nayo inasikia ujumbe huo na kuutafsiri kama muziki.

Nenda Studio, Studio Setup, MIDI Port Setup. Tafuta mlango wa mashine yako, ondoa alama kwenye safu ya In 'All MIDI Inputs'. Usiuzime mlango wote, ondoa alama hiyo tu. Kwenye Reaper ni jambo hilo hilo: usiuruhusu mlango huo kama chanzo cha noti kwenye MIDI Devices, uache kwa kazi ya kontrola peke yake.

#11 Ngoma_Pwani
Imekubali! Allah akujaze kheri. Lakini kuna la pili. Wimbo mmoja feda ya fidla inanikatalia. Naishusha, nikiiachia inapanda yenyewe. Wakati mwingine hata kabla sijaachia inagombana na kidole. Nyingine zote sawa. Mota imeharibika?

#12 MwanzaMix
Kabla ya kulaumu mota, angalia kama traki ya fidla ina mistari ya automesheni iliyobaki humo na kitufe cha R (kusoma automesheni) kinawaka. Kikiwa R tupu, bila W (kuandika), Cubase inafuata kilichoandikwa, na ukiachia feda inaipeleka inapotakiwa kuwa. Hiyo inaeleza kwa nini ni wimbo mmoja tu.

#13 FundiFeda
Na ile ya kugombana na kidole: feda hizi zinahisi mguso kwa umeme wa mwili kupitia kifuniko cha juu. Ukisukuma kwa ukucha au kwa kalamu, mashine haijui kwamba umeshika, hivyo mota inaendelea kuvuta. Shika kwa nyama ya kidole. Kama bado inasumbua kwenye feda zote, angalia umeme: kompyuta mpakato ya plagi ya pini mbili na soketi isiyo na eathi vinaweza kuchanganya hisia hiyo. Jaribu kuigusa huku mkono mwingine ukiwa kwenye chuma cha mashine. Ikitulia, tatizo ni eathi.

#14 Ngoma_Pwani
Ilikuwa na automesheni ya zamani, mpigaji fidla alirudia sehemu yake na mistari ikabaki. Nimefuta. Na kweli nilikuwa nasukuma kwa ukucha 😂

#15 KipanyaTosha
Haya, ya kumfuata mwimbaji nimekubali nusu. Lakini KwayaMoro ana traki nyingi. Mashine ina feda nane. Atakuwa anabonyeza Bank kulia, Bank kushoto (vitufe vya kuhamia traki nane nyingine), anatafuta alto wa pili yuko kundi la ngapi. Kipanya kinafika popote kwa sekunde.

#16 FundiFeda
Hoja nzito hiyo, na wengi wanauza mashine zao kwa sababu hiyo hiyo. Wengine wanaongeza mashine ya pili pembeni, kwa mfano X-Touch Extender inaongeza feda nane. Kwenye Reaper unaiongeza kama Mackie Control Extender na kuiambia ianze baada ya traki nane za kwanza. Kwa studio ya chumba kimoja naona ni kupoteza meza.

Dawa ni kupanga mradi. Tengeneza folda: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kiongozi, magitaa, kinanda, na ya mwisho ngoma pamoja na besi. Hesabu, ni nane. Folda hizo ziweke juu kabisa ya mradi kama traki za kupokea, traki zenyewe ziwe chini zikielekezwa huko. Feda nane za kwanza zinakuwa kwaya nzima. Kumiksi kwa hisia kunafanyika hapo, na traki za ndani unazishika kwa kipanya mara moja mwanzoni. Fanya mpangilio huo uwe kielelezo unachofungulia kila mradi, la sivyo utachoka.

#17 Biti254
Kwa wale hawana pesa saa hii: Reaper iko na kitu inaitwa Web browser interface, mahali pale pale pa kuongeza kontrola. Inakupa anwani, unaiandika kwa simu, unapata vitufe vya kucheza na kurekodi na feda za traki. Simu na kompyuta ziwe kwa Wi-Fi moja au hotspot, haimalizi bando. Msanii mmoja huwa anajirekodi peke yake, anasimama kwa maikrofoni ndani ya kabati la nguo na simu mkononi. Logic iko na Logic Remote ya iPad. Si kama feda ya kushika, lakini hautakimbia kati ya maikrofoni na kompyuta.

#18 MwanzaMix
Nzuri sana hiyo, hasa kwa anayejirekodi. Kwa kufuata sauti ya mwimbaji kioo hakinipi raha, kidole hakijui kipo wapi bila kutazama.

Niongeze kuhusu vumbi, maana hakuna anayelisema dukani. Njia ya feda iko wazi juu, vumbi letu linaingia lote. Funika kwa kitambaa kila ukimaliza. Ikianza kukwama, usimwage WD-40 wala mafuta ya cherehani. Ipo dawa maalumu ya feda kama DeoxIT ya F5. Pia mota zinalia, usiweke mashine chumba kimoja na maikrofoni iliyo wazi huku automesheni ikicheza. Na mtumba usiununue bila kuiona ikiwashwa: nyingi zinapowashwa zinasogeza feda zote juu na chini kujipima. Inayobaki nyuma, mkanda au mota yake imechoka.

#19 KwayaMoro
Nimesoma yote, nashukuru sana wakuu. Swali moja zaidi. Kanisani kwetu kuna miksa ya Behringer X32, ile kubwa, na mimi ndiye naiendesha Jumapili. Kuna kijana ananiambia inaweza kuendesha Reaper. Ni kweli au ndiyo yale yale ya muuzaji?

#20 FundiFeda
Mbona hukusema mapema! Ni kweli. Ingia Setup, ukurasa wa Remote, washa, chagua Mackie Control na njia ya USB ya kadi ya nyuma. Halafu bonyeza kitufe cha DAW Remote (DAW ni programu ya kurekodi, kama Reaper) kwenye sehemu ya kulia. Feda nane za kulia zinaacha kazi ya makundi na kuanza kuongoza Reaper, za kushoto zinabaki na kazi yake. Upande wa Reaper ni zile hatua za bandiko #3, mlango uwe wa X-USB (ndiyo hiyo kadi ya nyuma), kuingia na kutoka. Na kadi hiyo hiyo inapeleka chaneli 32 za sauti kwenye kompyuta, kwa hiyo kwaya yote unaweza kuirekodi hapo kanisani kila mtu na traki yake. Feda zake ni za mota. Jaribu huko kwanza kabla hujatoa hela.

#21 KwayaMoro
Nimejaribu jioni hii baada ya mazoezi ya kwaya. Zinasogea! Folda nane nimeweka kama ulivyosema. Nimemfuata kiongozi wimbo mzima kwa Touch, mwenyekiti wa kwaya kasimama nyuma yangu anadhani mashine ina pepo. Kwa sasa sinunui ya nane, nitatafuta ya feda moja ya nyumbani na kazi ya makundi nitaifanyia kanisani.

#22 MwanzaMix
Safi. Ila kabla ya ibada ya Jumapili hakikisha DAW Remote umeizima. Mchungaji akiomba makundi yashushwe na feda zako za kulia zikiwa bado zinaongea na Reaper, utasukuma mpaka chini na hakuna kitakachopungua.

#23 KwayaMoro
😂😂 Narudi kanisani sasa hivi kuangalia.